Tiba ya joto kwa uvimbe: tunachelewa wapi?

Kwa wiki kadhaa sasa tumekuwa tukiulizwa swali moja na wasomaji wa ukurasa huu, wengine kwa barua, wengine kwa simu, na wengine wakitusimamisha mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Wameona katika simu zao picha za daktari anayeingiza sindano ndefu tumboni mwa mgonjwa, akawasha mashine, na baada ya dakika chache akaitoa na kusema kuwa uvimbe umekufa. Hakuna kisu wala mshono. Wanauliza: je, jambo hili ni la kweli? Je, jamaa yetu ambaye tumbo limemvimba tangu Ramadhani iliyopita, tukimchangia nauli, atapata tiba hiyo huko aendako?

Tumeona tusilijibu swali hili kwa mistari mitatu. Jibu fupi, kwamba tiba ni ya kweli lakini jamaa yetu huyo yaelekea haimfai tena, litamvunja moyo muulizaji bila ya kumfunza lolote. Hivyo tumekaa na watu wa fani, tukasoma, na leo tunaomba nafasi ya kulieleza jambo hili tangu mwanzo wake.

Tiba hiyo ni kuua uvimbe kwa joto la mawimbi ya maikrowevu, yaani mawimbi ya ukoo mmoja na yale yanayopasha chakula katika majiko ya umeme. Mashine ina chombo kinachozalisha mawimbi, waya wa kuyapitisha, na sindano ambayo ncha yake ndiyo antena. Mawimbi yanayotumika zaidi ni ya megahezi 915 au ya gigahezi 2.45. Mwili wa mwanadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na kila chembe ya maji ina upande chanya na upande hasi wa umeme. Mawimbi yanapopita, chembe hizo hutaka kuyafuata, zikigeuka huku na huku mara mabilioni katika sekunde moja, na katika mahangaiko hayo joto huzaliwa. Nyama ikishapita nyuzi 60 za Sentigredi, seli zake hufa papo hapo. Protini zake huganda kama ute wa yai ugandavyo katika maji yanayochemka. Karibu na ncha ya sindano joto huweza kupita nyuzi 100, na ili ngozi na nyama ya njiani isiungue, ndani ya mwili wa sindano huzungushwa maji ya kuipoza. Mgonjwa huwa amepewa dawa ya usingizi au ya kutuliza. Kwa kawaida kazi ya kuchoma uvimbe mmoja haizidi dakika kumi au zaidi kidogo.

Tiba hii haikuzuka jana. Madaktari wa Japani walichapisha mwaka 1994 matokeo ya kuchoma vivimbe vidogo vya ini kwa maikrowevu, sindano ikipita katika ngozi na kuongozwa na picha za altrasaundi. Kabla na baada ya hapo wengine walitumia mkondo wa mawimbi ya redio, ambao nao hutoa joto, ila una udhaifu wake: uvimbe ukikaa jirani na mshipa mkubwa wa damu, damu inayopita hulibeba joto na kuondoka nalo, na ukingo wa uvimbe hubaki hai. Maikrowevu huathirika kidogo zaidi na jambo hilo. Leo hutumika katika ini, figo na mapafu. Huko Uholanzi wataalamu waliwalinganisha wagonjwa waliochomwa kwa joto na wale waliopasuliwa, wote wakiwa na vivimbe vya ini vilivyotoka katika saratani ya utumbo mpana na visivyozidi sentimita 3. Waliochomwa hawakuishi muda mfupi kuliko waliopasuliwa, na madhara waliyoyapata yalikuwa machache.

Msomaji na asimame kidogo hapo kwenye sentimita 3, kwa sababu suala letu lote limo humo.

Sentimita 3 ni kama upana wa vidole viwili vya mtu mzima vikibanwa pamoja. Kwa saratani iliyoanzia katika ini lenyewe, miongozo ya kitaalamu huitaja tiba hii kwa mtu mwenye uvimbe mmoja mdogo, au vivimbe visivyozidi vitatu, kila kimoja kikiwa ndani ya kipimo hicho. Ukubwa ukipita hapo, uwezekano wa joto kuufikia ukingo wote hupungua, na saratani hurudi. Ukifika sentimita 5 na kuendelea, sindano peke yake haitegemewi. Na mgonjwa ambaye tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano na mwili umekauka, ini lake limeshachoka kiasi kwamba hata uvimbe ukiuawa wote, lililobaki haliwezi kumbeba. Uvimbe wa vidole viwili ndani ya ini hauumi. Haumzuii mtu kulima tumbaku wala kuendesha bodaboda. Mwenye nao hajui kuwa anao.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa 2,566 wa saratani ya ini katika nchi tisa za Afrika, na Tanzania ilikuwamo. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wa Misri, na watafiti waliwatenga na wale wa nchi nyingine nane ili kulinganisha. Huko Misri wagonjwa 76 katika kila 100 walipata angalau tiba moja inayoulenga uvimbe wenyewe, iwe ni kuchoma, kupasua au nyinginezo. Katika nchi nyingine nane ni 3 tu katika kila 100. Umri wa kati wa wagonjwa wa Misri ulikuwa miaka 58, na wa upande wetu ni 46. Nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi zaidi ya takriban miezi 11 tangu kugundulika. Kwetu ilikuwa miezi miwili na nusu.

Miezi miwili na nusu ni muda ambao familia ya Sikonge au Kaliua huutumia kukubaliana kuwa mgonjwa apelekwe hospitali. Hatulisemi hili kwa kumlaumu mtu. Tunaijua njia anayoipitia mgonjwa wa kwetu: kwanza huambiwa ni bandama, apigwe chale juu ya tumbo na kupakwa dawa, kisha huambiwa ni vidonda vya tumbo, anunue vidonge dukani, kisha huambiwa ametupiwa kitu, na hapo ng'ombe mmoja hutoka zizini. Anapofika kwenye altrasaundi, chale zimeshapona na kuacha makovu, na daktari huzisoma chale hizo kama barua ya safari yote aliyopita.

Kuna tabibu wa Andalusia, Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, ambaye vyuo vya Ulaya vilisoma kitabu chake cha upasuaji kwa karne nyingi. Juzuu ya 30 ya at-Tasrif, iliyo ya upasuaji, huanza kwa mlango mrefu wa kutibu kwa kuchoma, na ndani yake ameichora michoro ya vyombo vyake. Yeye alikuwa mtu wa moto na chuma, na kama angeliona sindano ya leo tunadhani angeliitambua mara moja kuwa ni mjukuu wa vyombo vyake. Lakini alipofika kwenye saratani aliandika kwa unyofu kwamba ikiwa changa na iko mahali pa kufikika yaweza kuondolewa, ama ile iliyokua na kukaa muda mrefu yeye hakupata kuiponya, wala hakumwona mwingine aliyeiponya. Umeme na maikrowevu vimeongezwa tangu zama zake, na mpaka aliouweka umesogea kidogo tu.

Kwa kuwa tumetaja kuchoma, wapo waliotuuliza kama tiba hii haimo katika makatazo. Ni swali la kielimu na halifai kudharauliwa. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliitaja kuchoma miongoni mwa njia tatu za kupata shifaa, pamoja na asali na kuumika, kisha akauzuia umma wake nayo. Na imepokewa katika Sahih Muslim kuwa yeye mwenyewe alimchoma Saad bin Muadh (r.a.) katika jeraha lake. Ibn al-Qayyim aliyakusanya mapokezi ya aina hii katika Zad al-Maad na akaeleza kuwa hayapingani: kutenda kwake kunaonyesha kujuzu, na kutokupenda kwake hakulazimishi kuharamisha. Basi ikiwa chuma cha moto juu ya jeraha kilijuzu kwa haja, sindano inayoongozwa na picha, mgonjwa akiwa usingizini, haina sababu ya kutiliwa shaka. Yanayostahiki kutiliwa shaka zaidi ni yale maungo ya watoto wetu yanayochomwa na waganga kwa degedege na homa za vichomi, lakini hilo tutaliandikia siku yake.

Turudi kwenye safari. Mji wetu ulizaliwa na safari. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, Novemba ya mwaka huohuo, wakiwa hoi kwa homa, wakapokelewa na wafanyabiashara Waarabu waliowauguza. Kutoka hapa misafara ilielekea Ujiji, mingine Karagwe, na mabega yaliyobeba mizigo yote hiyo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Wanyamwezi. Huko Urambo, Mtemi Mirambo, ambaye misafara ilimwogopa kwa muda mrefu, alifariki Desemba 1884 kwa maradhi ya koo ambayo baadhi ya waandishi wameyaita saratani. Msafara wa zamani ulijua jambo moja ambalo sisi tunaonekana kulisahau: haukuondoka pwani mpaka mwenye msafara ajue maji yako wapi njiani na kituo kinachofuata ni kipi. Sisi leo humpakia mgonjwa katika basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam bila barua ya rufaa na bila kujua ni kliniki ipi inayomngoja, tukitumaini kuwa ukubwa wa hospitali utamtafutia tiba wenyewe.

Vituo vya njia hii vipo, na ni vyema vikajulikana. Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, ndiyo mwanzo. Kutoka hapo, kwa mujibu wa mpangilio wa rufaa, Tabora imo katika mikoa inayohudumiwa na Bugando, Mwanza, ambako kuna idara ya saratani na tiba ya mionzi. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Na Muhimbili, tangu mwaka 2018, madaktari kutoka Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kikiwa mbele, wamekuwa wakija kwa zamu kuwafundisha madaktari wa Kitanzania ile fani ya kutibu kwa sindano na mirija inayoongozwa na picha: kuchukua kinyama ndani ya ini bila kupasua, kutoa usaha, kufungua njia ya nyongo iliyoziba. Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili katika fani hiyo, mafunzo ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki.

Tunaitaja Muhimbili kwa sababu maalumu. Mara kwa mara katika vikao vyetu husimama mtu mwenye uwezo na moyo, akasema: nitajeni bei ya hiyo mashine, niwanunulie. Allah amlipe kwa nia yake. Lakini mashine ya maikrowevu ni mwisho wa mnyororo. Sindano zake kwa kawaida hutumika kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa, na ni ghali. Inamtaka daktari anayeweza kuiona ncha ya sindano katika picha yenye kivuli na kuiweka milimita chache kutoka kwenye utumbo au njia ya nyongo bila kuvigusa. Inataka mtu wa usingizi, damu ya akiba, na wodi ya kumwangalia mgonjwa usiku ule. Mkono hufundishwa kabla ya mashine kununuliwa, na wale wa Muhimbili walianza upande ulio sahihi. Mashine isiyo na mkono hufunikwa shuka, na kila mmoja wetu ameshawahi kuiona moja ya namna hiyo mahali fulani.

Basi nini kiwezekanacho hapa Tabora, leo, kwa fedha hizi ndogo za sadaka?

Kwa upande wa ini, jibu ni kuwatafuta wenye hatari kabla uvimbe haujaota. Katika nchi zile nane tulizozitaja, chanzo kikubwa kilichogundulika kilikuwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B; kwa Misri ilikuwa aina ya C. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Maana yake ni kuwa msomaji aliyezaliwa kabla ya hapo, pamoja na sisi tunaoandika makala haya, hakuipata utotoni. Kipimo chake ni tone la damu, na majibu hutoka ukiwa umekaa palepale. Asiyekuwa nayo achanjwe, dozi tatu ndani ya miezi sita. Aliyekutwa nayo hajahukumiwa kifo: daktari atapima kama anahitaji dawa za kuvidhibiti virusi, na ikiwa yumo katika kundi la hatari atatakiwa kupigwa altrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita. Altrasaundi zipo hapa mjini. Huyu anayepigwa picha kila miezi sita akiwa mzima, anayecheka na kudai hana ugonjwa, ndiye ambaye uvimbe wake utaonekana ukiwa wa sentimita 2. Kwake yeye sindano ile ya kwenye simu ina maana, na nauli ya kwenda Mwanza au Dar es Salaam ina maana.

Lipo na jambo la ghala. Karanga na mahindi yaliyovunwa na kuanikwa chini katika udongo wenye unyevu huota kuvu linalotoa sumukuvu, na sumukuvu ikikutana na homa ya ini B katika mwili mmoja, hatari ya saratani huzidi kuliko kila moja peke yake. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Hao waliuawa na sumu nyingi ya ghafla, ama kidogokidogo ya kila mwaka haina kelele. Karanga chungu na zilizobadilika rangi zitupwe, wala zisisagwe kufanywa kiungo cha mboga ya watoto kwa hoja ya kutotupa riziki.

Lakini jambo lililotusukuma zaidi kuandika ni jingine, na tunawaomba akina baba wasilipite wakidhani ni ukurasa wa akina mama. Ipo tiba ya joto ambayo haihitaji Muhimbili wala sindano ya ghali, na inatibu kabla saratani haijawa saratani. Nayo ni ya mlango wa kizazi.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote nchini. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wanawake zaidi ya 10,000 waliougua Tanzania kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 waliofariki. Husababishwa na virusi vya HPV, na kati ya kuingia virusi na kuota saratani hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20, isipokuwa kwa mwenye kinga dhaifu ambaye kwake muda huwa mfupi. Miaka yote hiyo ni nafasi tuliyopewa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki nyepesi ya hospitali kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja. Penye mabadiliko hugeuka pakawa peupe. Ikiwa doa hilo linaonekana lote na halina dalili ya kuwa saratani tayari, laweza kuondolewa siku hiyohiyo. Kwa miaka mingi liliondolewa kwa kugandishwa kwa baridi, njia nzuri lakini inayotegemea mitungi mizito ya gesi. Mtungi ukiisha katika zahanati ya mbali, huduma husimama mpaka gari lije. Katika miaka ya karibuni kimeingia nchini kifaa kidogo cha kushika mkononi, chenye kutumia betri, ambacho ncha yake hufikia nyuzi 100 hivi na kugusishwa kwa sekunde 20 hadi 30. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa matumizi yake mwaka 2019. Hakuna usingizi wala kulazwa. Mama huhisi kama maumivu ya hedhi, akapumzika, akarudi nyumbani kwake.

Mwenye kuitazama mashine kubwa na hiki kifaa kidogo atasema ni mbingu na ardhi. Kanuni yao ni moja: joto huua kilicho kidogo. Tofauti ni kwamba hiki cha pili kinaweza kufika Igunga, Nzega na Uyui ndani ya mkoba.

Kinachozuia ni kipi, basi? Tumeongea na akina mama wa darsa letu kupitia kwa ukhti anayewasimamia, na majibu yalikuwa ya wazi kuliko tulivyotarajia. La kwanza ni stara: nitavuliwa na nani? La pili ni mume: akisikia nimepimwa huko atauliza nina nini. La tatu ni hofu ya jibu lenyewe.

Kuhusu stara, wanazuoni wa fiqhi wameruhusu kufunuliwa kwa kiasi cha haja kwa ajili ya tiba, na wakaweka utaratibu: mwanamke amtangulize tabibu wa kike, na akikosekana ndipo aende kwa mwingine mwaminifu, mahram au mwanamke mwenzake akiwapo. Katika kazi hii wauguzi wengi ni wanawake, na mama ana haki ya kuuliza na kuomba kabla ya kupanda kitanda. Stara ni hoja ya kumchagua mhudumu. Hatujapata kumwona mwanachuoni aliyeifanya kuwa hoja ya kuacha tiba hadi mwili uoze, kisha mama huyohuyo afunuliwe mbele ya madaktari na wanafunzi kumi katika wodi ya mbali.

Kuhusu waume tutasema kwa upole, kwa kuwa na sisi tumo. Virusi hivi vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, hivyo jibu la kipimo halimshitaki mtu kwa jambo la jana, wala si hati ya kumtuhumu mke. Mume anayempa mkewe nauli ya kwenda kupima, na akamngoja nje, amemwondolea nusu ya hofu. Na mabinti wana chanjo: ilianza kutolewa nchini Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inafunga kizazi tumeusikia hata katika madrasa zetu. Hauna ushahidi; kinachofunga kizazi kwa hakika ni saratani yenyewe na mionzi inayotumika kuitibu.

Daftari la misaada la kamati yetu hufunguliwa kila baada ya Ijumaa, na maombi ya matibabu yaliyomo yanafanana: nauli ya mgonjwa aliyekwisha kulala, pamoja na msindikizaji wake, kwenda mji wa mbali. Hatutaacha kuyapokea, maana aliye kitandani ana haki yake, na kumsindikiza na kumtuliza maumivu ni ibada. Lakini kikao cha mwezi huu kimekubaliana kuwa sehemu ya mfuko huo itengwe kwa ajili ya wasiolala bado. Ilibishaniwa. Mzee mmoja alituuliza tutamwambiaje mtoa sadaka kwamba fedha yake amepewa mtu asiyeumwa. Ni swali zuri, na tulilijibu kwa kumsomea zile hesabu za Misri na za kwetu. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba jina lake liandikwe la kwanza katika orodha ya watakaopimwa ini.

Utaratibu ni huu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Adhuhuri, wauguzi wawili wanawake kutoka kituo cha afya cha jirani watakaa na akina mama katika darsa na kuwaeleza yote haya kwa lugha isiyo ya gazeti. Wenye umri wa miaka 30 hadi 50 watapangiwa siku ya kwenda kituoni kwa makundi ya watu kumi, nauli ikitoka katika mfuko. Mama aliye katika hedhi asiache kujiandikisha, atapangiwa siku nyingine. Aliyewahi kupimwa aje na kadi yake. Anayetokwa na damu nje ya mpango, au baada ya kukaribiana na mumewe, au aliyekoma hedhi akaona damu tena, asisubiri Jumamosi. Amweleze ukhti msimamizi wiki hii, barua ya kwenda Kitete itatafutwa. Waume watakaowasindikiza watakaa katika ukumbi wa madrasa, ambako meza ya kipimo cha homa ya ini itakuwa kwa ajili yao.